Kadena kwenye Mlango wa Ndani

Kitu cha kwanza kumpotea Bora kilikuwa chumvi. Haikuwa nyingi. Ni ile inayobaki kwenye pembe ya mfuko wa nailoni, imefungwa fundo, na Bora alikuwa ameichomeka kwenye ufa wa ukuta juu ya mafiga. Asubuhi alipoinua mkono kuitafuta, vidole vyake vilikuta udongo tu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya tofali mbichi, paa la nyasi na shiti la plastiki juu yake. Ilikuwa na mlango mmoja wa mbele, ujia mwembamba wa kupikia wakati wa mvua, halafu vyumba viwili vinavyotazamana. Cha kushoto alikaa Bora na baba yake, mzee Wilondja, watu wa Fizi. Cha kulia alikaa Gertrude na mume wake Cyrille na mtoto wao Annie, watu wa Bukavu mjini. Hawakuchaguana. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya pili vya kwao, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilikuwa inajaa, na waliofika siku moja walipewa nyumba moja. Mwanzoni vyumba vilikuwa na mapazia tu. Baadaye Cyrille alipata mbao, akatengeneza milango miwili, na mmoja akauweka kwa Bora bila kumdai kitu.

"Mama Annie," Bora aliita, "haukuona chumvi yangu?"

"Ile ya ku ukuta?"

"Njo ile."

"Mi sikuione." Gertrude alikuwa amemweka mtoto katikati ya magoti, anamsuka. "Labda mapanya."

"Panya inabeba chumvi na mufuko yake?"

"Ya huku Malawi inabeba kila kitu. Juzi ilibeba sabuni yangu. Kesho itabeba Cyrille."

Wakacheka. Wakati huo bado walikuwa wanacheka.

Ndani, mzee Wilondja alikuwa ameketi juu ya kitanda chake cha miti, viatu mguuni. Alilala navyo. Tangu usiku ule walipotoka Fizi, hakuna aliyeweza kumvua viatu isipokuwa kwa kuoga.

"Bora," aliuliza, "bamefika wapi?"

"Bangali mbali, papa."

"Mbali wapi?"

"Kule Baraka."

Mzee aliinamisha kichwa, akatulia. Aliuliza hivyo kila siku, na kila siku askari wa kwenye kichwa chake bado walikuwa Baraka. Bora akienda kazini Lilongwe, Gertrude ndiye aliyemjibu kutoka upande wake wa ujia, akampelekea maji, akamrudisha akitoka nje. Maana alikuwa anatoka. Safari moja wanawake wa kuchota maji walimkuta kwenye barabara ya kwenda Dowa, anatembea haraka, na walipomsimamisha aliwaomba samahani kwamba amewaacha nyuma. Hata Annie alikuwa amejifunza kumjibu. "Bangali mbali, koko," alisema mtoto, akimwita babu, bila kujua ni nani walioko mbali.

*

Baada ya chumvi ilipotea kamba ya Gertrude ya kuanikia nguo. Halafu kisu kidogo cha Bora, halafu kiberiti, halafu kikombe cha Annie cha plastiki, chekundu, ambacho hakina faida kwa mtu mwingine yeyote.

Salamu za asubuhi ziliendelea. Lakini Bora, aliyezoea kuacha sufuria zake kwenye ujia, alianza kuziingiza chumbani zikiwa bado moto. Gertrude naye aliingiza kigoda chake. Mafuta ya kupikia yalibaki nje kwa sababu chupa ilikuwa inavuja, na siku moja Bora aliona juu ya chupa hiyo mstari mdogo uliochorwa kwa mkaa, usawa wa mafuta yalipofikia. Alisimama akiutazama. Hakuwahi kuonja mafuta ya Mama Annie hata tone. Aliondoka pale akiona haya, kama mtu aliyekutwa na kosa.

Jioni Cyrille alirudi kutoka mazoezi ya kwaya, akamkuta mke wake anapika bukari, ugali wa kwao, huku ameupa mlango wa Bora mgongo.

"Kuko nini na Bora?"

"Hakuna."

"Mbona hamuongee?"

"Tunaongea. Tunasalimiana." Akageuza mwiko. "Ile binti inatembea Lilongwe kila wiki. Bitu ya batu inauzwa Lilongwe. Mi sijasema kitu."

Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye paa. Bora, upande wa pili, alisikia kila neno, na Gertrude alijua kwamba anasikia.

*

Kilicholeta kikao kilikuwa kitenge.

Bora alikuwa anashona kwenye baraza la Norbert, fundi wa Bukavu aliyepanga sehemu Area 23, Lilongwe. Mashine ilikuwa ya Norbert. Bora alipanda matola, gari dogo la mizigo linalochukua watu, akakaa kule siku mbili au tatu, akarudi kambini na kazi za mkono: vifungo, pindo, vitundu. Safari hiyo alirudi na kitenge cha mama mmoja wa Nathenje, cha harusi ya binti yake, rangi ya kijani chenye mikia ya ndege. Kilikuwa bado hakijakatwa. Alitaka kuweka pindo la shali kwa mkono. Alikikunja, akakiweka ndani ya mfuko wake wa kazi uliotundikwa ukutani chumbani. Asubuhi ya kuondoka, mfuko ulikuwa mwepesi.

Alikwenda Lilongwe mikono mitupu. Mama wa Nathenje alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani.

"Chitenje changa chili kuti?" aliuliza. Kitenge changu kiko wapi. Alikuwa anatabasamu, maana alifikiri jibu ni jepesi.

Bora alisema kwa Kichewa chake kibovu kwamba kimebaki nyumbani. Yule mama aliangalia mashine, akaangalia viatu vya Bora vyenye matope ya kambi, na tabasamu likaisha polepole. Alihamisha mkoba wake kutoka upande alipokuwa Bora, akauweka upande wa pili.

Alipoondoka, Norbert hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali.

"Dada Bora, hapa kitambaa ikipotea, haiitwe Bora. Inaitwa Norbert. Inaitwa ba-Congolais bote."

"Nitaileta, papa Norbert."

"Utaileta na wapi?"

"Niko na nyumba moja na batu. Haikutoka inje."

"Basi utafute mu ile nyumba. Ukiileta, mashine yako ni hii. Ukikosa, franchement, nakuambia kweli, usipande matola ya kuja huku. Bibaki vile."

*

Kiongozi wa zoni yao, baba Zihindula, alikuja na mama Rosalie wa kanisani, na majirani walikuja wenyewe bila kuitwa. Mvua ilikuwa imekatika. Walisimama uani kwenye matope.

"Mi sisemi ni nani," Bora alisema. "Nasema tu hii nyumba iko na mulango moja."

"Sema jina yangu," Gertrude alisema. "Usizunguke. Unaniita mwizi?"

"Sikusema ivyo."

"Ulisema na macho. Mwezi muzima unasema na macho."

"Na weye uliandika na makaa ku chupa."

Watu waligeuka kumtazama Gertrude. Kisha akaingia ndani, na kabla Zihindula hajaamua kama watu wapekuliwe au hapana, akaanza kutoa vitu vyake mwenyewe: mablanketi, masufuria, vitabu vya nyimbo vya Cyrille, begi la nguo. Alilipindua begi juu ya matope. Mama Rosalie, kwa kutaka kusaidia, aliinua nguo moja moja na kuikung'uta ili watu waone hakuna kitu ndani. Aliinua shimizi lililotoboka kiunoni. Aliinua vitambaa vya hedhi. Mwanaume mmoja nyuma alikohoa, mwingine akacheka puani. Cyrille, ambaye Bukavu alikuwa mwalimu na watoto walikuwa wakisimama anapoingia darasani, alitazama chini mpaka zoezi likaisha.

Kitenge hakikuwamo.

"Sasa chumba ya huku," Zihindula alisema, akielekeza kidole kwa Bora.

Waliingia. Chumba kilikuwa kidogo, mkeka wa Bora umekunjwa, mashuka yameangikwa, na kitanda cha mzee pembeni, mzee juu yake, amelala uso ukutani na viatu vyake. Alikuwa na homa tangu juzi. Zihindula alisita.

"Tumusimamishe?"

Bora alitazama viatu vya baba yake. Alilelewa kwamba binti mtu mzima hagusi kitanda cha baba yake. Hakuwahi kukitandika hata siku moja. Mzee alikitandika mwenyewe na kufagia chini yake mwenyewe, hata sasa ambapo akili ilikuwa inakwenda na kurudi.

Aliyejibu alikuwa Gertrude, kutoka mlangoni. "Mumuache muzee. Iko mugonjwa. Tutainua muzee ku kitanda yake sababu ya kitenge?"

Wakamwacha. Zihindula alisema maneno ya kupatanisha, na watu walikuwa wameshaanza kutawanyika pale Gertrude alipoinua mkono, matope yamefika kwenye kiwiko.

"Batu bote musikie. Toka leo, huu mukono hautagusa mulango ya Bora. Sitaingia, sitashika, sitasukuma. Hata nyumba iungue. Siku kitu itapotea tena, mutafute mwingine."

"Mama Annie," Cyrille alisema kwa sauti ya chini, "neno jamais, ya kusema hata siku moja, haisemwe ivyo."

"Nimeisema."

*

Bora alinunua kadena kwenye soko la Area 23, kufuli dogo la Kichina lenye funguo mbili, katika safari ya kwenda kumwomba Norbert amsubiri kidogo. Aliomba pete mbili za chuma kwa fundi baiskeli, akazipigilia kwenye mlango ule ule ambao Cyrille alikuwa amempa. Cyrille alisikia nyundo. Alikuwa ameketi na kitabu cha nyimbo, na hakuinua macho, ila ukurasa haukugeuzwa.

Kwao Bukavu na kwao Fizi, mtu hufunga mlango wa nje kwa ajili ya wezi. Mlango wa ndani ukifungwa kadena, ujumbe hauhitaji kusomwa. Gertrude alipita mbele ya kile chuma mara nyingi kwa siku, akienda kwenye mafiga na kurudi, na kila mara alivuta kitenge chake karibu na mwili kisiguse.

Norbert alimpa Bora nafasi ya mwisho: aje afanye kazi ya juma zima bila ujira, thamani ya kitenge ifidiwe. Bora hakuwa na mtu wa kumwachia baba yake. Homa ilikuwa imepungua, na mzee alikuwa ameanza tena kutafuta mlango wa kutokea.

"Nitarudi na jioni," alimwambia. "Kila siku nitarudi na jioni. Maji ni hii. Bukari ni hii. Ndoo ya haja iko pale."

"Bamefika wapi?"

"Bangali mbali, papa."

Alifunga kwa nje. Funguo zote mbili alizifunga kwenye pindo la kitenge chake. Gertrude alikuwa anapeta mchele kwenye ujia, hatua moja na nusu kutoka pale. Bora alipita juu ya ungo wake akasema "mubaki muzuri," na Gertrude akasema "aksanti." Bora alitaka kusema jambo jingine. Alifika mpaka mlango wa mbele nalo mdomoni, kisha matola ikapiga honi barabarani.

*

Siku mbili zilikwenda hivyo. Siku ya tatu mvua ilianza mapema, na mzee Wilondja akagonga.

"Bamefika wapi?"

Gertrude aliinamisha uso juu ya kazi yake. Annie ndiye aliyejibu, "Bangali mbali, koko," akarudi kucheza.

Baada ya muda akagonga tena. "Mama. Maji imemwangika."

"Bora atarudi, papa."

"Nasikia kiu. Kifua inawaka."

Gertrude alisimama. Alitazama kadena. Mlango haukuwa kitu, ni mbao za makreti. Pete zile zingeng'oka kwa jembe. Alikwenda akachukua sahani bapa, akamimina maji, akapiga magoti, akaipitisha sahani chini ya mlango, kwenye upenyo ambao kuku angeweza kupitisha kichwa. Aliisukuma kwa mwiko, sio kwa mkono, maana alikuwa amesema. Akasikia mzee anainama, mifupa inalia, halafu sauti ya mtu anayekunywa kutoka chini.

Aliipitisha mara ya pili, na mara ya tatu mzee hakuivuta.

"Papa Wilondja?"

"Niko." Pumzi ilikuwa fupi. "Mufungue, tutembee. Mutoto umuvalishe viatu."

Gertrude alikimbia kanisani kumwita Cyrille. Cyrille alikuja na jembe, akalisimamisha ukutani, asilitumie.

"Vunja," Gertrude alisema.

"Tuite Zihindula kwanza."

"Vunja, baba Annie."

"Kesho kitu ikikosekana mule, utasema nini? Ulitoa nguo zako mbele ya batu. Sitaona ile mara mbili." Tayari alikuwa ameanza kutoka. "Batu babili ba ushuhuda tu. Niende mbio."

Zihindula alikuwa amekwenda Madisi kutafuta mahindi. Mama Rosalie hakuwa nyumbani. Cyrille alizunguka kwenye mvua mlango hadi mlango, na kila mtu alimuuliza kwanza ni mlango wa nani, na waliposikia ni wa Bora wakasema wasingependa kuingia katika mambo yale. Gertrude alibaki amepiga magoti, mdomo karibu na upenyo, anasema, "Bangali mbali, papa. Bangali mbali sana. Pumuzika." Alisema hivyo mpaka alipogundua kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza.

Akashika jembe mwenyewe, akalishusha tena. Cyrille alipofika na mashahidi wawili waliokubali, alivunja kwa pigo moja. Mlango ulifunguka nusu tu, kwa sababu mzee alikuwa ameuegemea.

Bora alishuka kwenye matola jioni, amelowa, kichwani hesabu ya siku zilizobaki za kumaliza deni la Norbert. Aliona watu uani. Aliingia kwenye ujia, akaona pete zimening'inia kwenye msumari mmoja na kadena bado imefungwa vizuri juu yake.

"Nani amevunja mulango yangu?" alisema.

Hilo ndilo neno la kwanza alilosema. Watu wengine walilisahau baadaye. Yeye hakulisahau.

*

Wanaume walitaka kuutoa mwili wa mzee na kitanda chake, kama ilivyo heshima, lakini kitanda hakikupita mlangoni. Wakaulaza mwili mkekani, wakakiinua kitanda kukisimamisha ubavu. Ndipo Cyrille aliyeshika mguu wa kitanda akasema, "Simameni kidogo."

Chini yake udongo ulikuwa umechimbwa shimo, safi, kingo zake zimepigwapigwa kwa kiganja. Ndani yake vilikuwamo vifurushi vinne, vimepangwa kando kando.

Kila mtu aliyekuwa chumbani alivijua. Hakuna aliyetoka Uvira au Fizi au Bukavu ambaye hakuwahi kulala na kimoja cha namna ile karibu na kichwa. Ni kifurushi cha kukimbia: chumvi kidogo, moto, kitu cha kukatia, kitu cha kunywea, kipande cha sabuni. Bibi anawafungia watoto, mume anamfungia mke, na kikishafungwa hakifunguliwi nyumbani. Hivi vilikuwa vimefungwa kwa vipande vya kamba ya kuanikia nguo.

Bora alipiga magoti akavigusa kimoja kimoja. Kilichokuwa kikubwa kilifungwa ndani ya kitenge cha kijani chenye mikia ya ndege, kizima, na juu yake kilikuwa kimekunjwa namna ya kubebea mtoto mgongoni. Ndani ya kifurushi kidogo kabisa kuligonga kitu cha plastiki. Rangi nyekundu ilionekana kwenye tundu.

"Ya Annie," Cyrille alisema.

Cha Annie, cha Bora, cha Cyrille, na kile cha kitenge cha kumbebea mtoto, ambacho hakingekuwa cha mwingine ila cha mama yake. Walitafuta tena kwenye shimo kwa mikono. Cha mzee mwenyewe hakikuwamo. Yeye alikuwa na viatu tu.

Gertrude alikuwa amesimama kwenye ujia, anaona yote kupitia mlango uliovunjika. Hakulia kwa sauti. Alikaa chini palepale, akajifunika uso kwa mkono wake ule, halafu kama aliyekumbuka, akautoa usoni.

*

Baada ya mazishi na siku za kukaa na wafiwa, watu waliondoka, na nyumba ikarudi kuwa ya milango yake mitatu. Bora alifua kitenge mara mbili, kikatoka udongo. Ilibidi akipeleke kwa Norbert.

Asubuhi Gertrude alipika uji, akaleta bakuli mpaka kwenye kizingiti cha Bora, akaliweka chini upande wa nje.

"Ingia, Mama Annie."

"Hapa inatosha."

"Hakuna kadena tena. Niliitupa ku choo."

"Nimeona." Gertrude alibaki pale pale, vidole vya miguu vimekoma kwenye mstari wa kizingiti. "Nilisema mbele ya batu, Bora. Mi nilikuwa na jembe mu mukono, na nikafikiri juu ya ile maneno. Sasa niyavunje leo, sababu ya uji?"

Bora alitoka chumbani, akaketi kwenye ujia karibu na bakuli, wakanywa uji huo kwa zamu, kijiko kimoja. Annie alisimama mbele ya mlango, akatazama ndani mahali kitanda kilipokuwa. Leo hakuna aliyemuuliza kitu. Akajibu hata hivyo, "Bangali mbali," kisha akaenda nje kuchezea matope.

Matola ilipiga honi. Bora alijifunga kitenge chake kiunoni, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pindo lililofungwa funguo. Zilikuwa bado zipo. Aliuvuta mlango ukafungika nusu, haukuwa na kitu tena cha kuushika.

"Ninaenda," alisema. "Utanichungia mulango?"

Ndani kulikuwa na mkeka, sufuria mbili na shimo.

"Nitachunga," Gertrude alisema. Akaleta kigoda chake, akakiweka kwenye ujia, akaketi kuuelekea ule mlango, mikono yote miwili mapajani.